Maswali na majibu: fomu iliyokutwa kwenye faili la mama

Safu iliyopita niligusia fomu ya DNACPR, ambayo madaktari wa Uingereza huijaza wakiamua kwamba moyo wa mgonjwa ukisimama hatabonyezwa kifua wala kupigwa shoti ya umeme ili urudi kupiga. Barua zenu zimekuwa nyingi. Nimechagua tano.

Nimekuta fomu hiyo kwenye faili la mama, hospitalini Birmingham. Sikuambiwa. Wana haki hiyo?

Kwanza uliza kama mama mwenyewe aliambiwa. Akiwa na akili zake, mwenye mazungumzo ni yeye, na ana haki hata ya kusema watoto wasiambiwe. Mwaka 2011 Janet Tracey, mgonjwa wa saratani ya mapafu, aliwekewa fomu hiyo katika hospitali ya Addenbrooke's, Cambridge, bila kushauriwa. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba mgonjwa ashirikishwe. Kuhofia tu kwamba atahuzunika hakumpi daktari ruhusa ya kunyamaza, labda iwe mazungumzo yenyewe yatamdhuru mwili au akili.

Kama mama hawezi tena kuamua, hapo ndipo ninyi mnapohusika. Katika kesi ya Winspear, 2015, kijana wa miaka 28 mwenye ulemavu alijaziwa fomu saa tisa usiku, na daktari akaandika kwamba familia itaelezwa asubuhi. Mahakama haikukubali: kumwamsha mama mtu usiku ni usumbufu, lakini inawezekana.

Kwa hiyo omba kuonana na daktari bingwa anayemsimamia. Uliza nani alizungumza na mama, lini, na mama alijibu nini. Ukioneshwa maneno mawili tu, "familia imeelezwa", omba mazungumzo yafanyike upya na yaandikwe. Nimeyaona maneno hayo kwenye mafaili mengi mno, na hakuna siku yaliyonieleza mgonjwa alitaka nini.

Ina maana wamemkatia tamaa?

Hapana. Dripu, antibiotiki, oksijeni, dawa za maumivu, hata upasuaji, vyote vinaendelea. Fomu inahusu jambo moja tu: moyo ukisimama. Nesi akisita kumpa dawa "kwa sababu ya ile fomu", lalamika siku hiyohiyo.

Daktari aliniomba nimtafsirie bibi. Nilimwambia, "Wanasema hawatakufufua," akacheka: "Kwani wao ni Mungu?" Daktari akaandika kwamba amekubali. Nilikosea?

Ulifanya ambalo karibu kila mjukuu hulifanya, ila hukupaswa kuachiwa mzigo huo. Kufufua kwa Kiswahili ni kumtoa mtu kaburini. Bibi alijibu swali la imani, na jibu lake lilikuwa sahihi kabisa! Swali la daktari hakuwahi kulisikia.

Hospitali za Uingereza zinatakiwa kuleta mkalimani, kwa simu ikibidi, na hulipi chochote. Mwambie aseme kinagaubaga: "Bibi, ugonjwa huu ukiusimamisha moyo wako, hatutakubonyeza kifua ili uanze tena, kwa sababu tunaona hautaanza, na mbavu zinaweza kuvunjika bure." Kisha bibi aombwe aeleze kwa maneno yake alichoelewa. Hapo ndipo mengi hufichuka. Pengine kifua hakimshughulishi hata kidogo. Anachotaka ni kutofia wodini, au kumwona kwanza mwanawe anayekuja kutoka Bujumbura. Siku hizi hospitali nyingi zinatumia fomu ya ReSPECT, yaani mpango wa tiba ya dharura unaogusia pia suala la kubonyezwa kifua, yenye nafasi ya kuandika yale anayoyajali mgonjwa. Hakikisheni haibaki tupu. Na iandikwe pia lugha iliyotumika na kwamba mkalimani alikuwepo.

(Tukiri na letu: sisi wajukuu hutafsiri "anakufa" kuwa "hali si nzuri sana". Mkalimani hana bibi pale kitandani.)

Sisi watoto wote sita tunataka baba abonyezwe kifua. Kwa nini hatusikilizwi?

Kusikilizwa ni haki yenu. Kuamua ni jambo jingine. Kwa sheria ya England na Wales, mtoto haamui kwa niaba ya mzazi kwa sababu tu ni mtoto wake. Baba angeweza kumpa mmoja wenu mamlaka ya kisheria ya mambo ya afya angali na akili timamu, na hata huyo hawezi kumlazimisha daktari atoe tiba anayoona haitafaa. Mnaweza kuomba daktari mwingine atoe maoni yake. Mjue tu kwamba kati ya watu watano wanaobonyezwa kifua hospitalini baada ya moyo kusimama, anayerudi nyumbani ni kama mmoja, na kwa mzee mwenye ugonjwa uliokwisha kumla nafasi ni ndogo zaidi. Kwa wenzetu Waislamu wanaouliza: fatwa namba 12086 ya Saudi Arabia, ya mwaka 1409 Hijria, inaruhusu kuacha kumbonyeza mgonjwa kifua pale madaktari watatu wa kuaminika wanapoafikiana kwamba haitafaa. Bado zungumzeni na shehe wenu.

Baba ana fomu hii na anakwenda Tanga kwa miezi mitatu. Itafanya kazi huko?

Hata Uingereza fomu yenyewe si amri ya sheria. Ni mwongozo kwa atakayefika. Tanga hakuna anayelazimika kuifuata. Aende na barua ya daktari wake inayotaja ugonjwa, dawa na anachotaka baba, kisha mmoja wenu aonane na daktari wa huko wiki ya kwanza, kabla hajaugua. Na akirudi, fomu halisi ikae nyumbani, mahali ambapo hata jirani anaweza kuwaonesha watu wa ambulansi. Wasipoiona, wataanza kubonyeza.