Ufito wa Mwanzi wa Zamani: Pima Kwanza, Jina Litafuata

Ufito wangu wa kwanza wa mwanzi, wa kuvulia samaki, niliununua kwa sababu ya jina lililoandikwa juu yake. Vanishi iling'aa, mshiko wa koki, ile ya kutengenezea vizibo, ulikuwa safi, nami nikalipa bei ya ufito mzima. Nilipofika nyumbani nikavilaza vipande vyote mezani, vya ncha viwili bega kwa bega, ndipo nikaona kimoja ni kifupi kwa inchi 4. Kilivunjika zamani, mtu akaichomeka tena pete ya mwisho ya kupitishia mshipi kwenye kisiki kilichobaki, akapaka vanishi, basi.

Tangu siku hiyo naanza na futikamba. Fito nyingi za kuvulia kwa nzi bandia, yaani chambo kilichoundwa kama mdudu, zilitoka na kipande cha kitako, cha kati, na ncha mbili, ili moja ikivunjika usikose ya kutumia. Ncha hizo zilingane. Kisha unga ufito wote upime: ukipata futi 8 na nusu kamili, vizuri, ukipata futi 8 na inchi 3, uliza maswali. Tahadhari moja: si kila ufito una vipande sawa. Pezon et Michel wa Ufaransa, kwa mfano, walitengeneza fito ambazo kiungo chake cha kuunganishia vipande hakikai katikati, kwa makusudi kabisa. Ncha iliyokatika hushusha bei kuliko mkwaruzo wowote, kwa sababu ufundi wote wa ufito uko kwenye jinsi unavyopungua unene hadi mwisho.

Baada ya hapo ndipo nasoma jina. Litafute kwa wino juu ya mwanzi wenyewe, karibu na mshiko, chini ya vanishi, au limegongwa kwenye chuma cha kufungia rili, kigurudumu cha kukunjia mshipi. Mimi huamini zaidi lile la kwenye mwanzi, maana chuma hubadilishwa. Ukikuta herufi kama HDH, huo ni ukubwa wa mshipi wa hariri. Mishipi ilianza kupewa namba badala ya herufi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa hiyo ufito wenye herufi hizo kwa kawaida ni wa kabla ya hapo.

Fito bora zilitengenezwa kwa mwanzi wa Tonkin kutoka Guangdong, China. Mwanzi hupasuliwa, vipande sita vikachongwa pembetatu na kugandishwa kwa gundi kuwa fimbo yenye pande sita. Mwaka 1950 Marekani ilipopiga marufuku bidhaa za China, mafundi wengi waliishiwa malighafi, na fimbo za nyuzi za kioo zikachukua soko.

Fito za mafundi wa Marekani Leonard, Payne, Garrison na Paul Young hufika maelfu ya dola. Granger wa Denver na Heddon wa Michigan wako katikati, na kwa maoni yangu hapo ndipo mnunuzi mpya apaanzie. Hardy wa Alnwick, Uingereza, waliziita fito zao Palakona, nazo zina wapenzi wengi. Viwanda vya Marekani vya Montague na Horrocks-Ibbotson vilitoa fito kwa wingi mno, hivyo nyingi ni za bei ndogo ingawa zinavua vizuri tu. Na zile zilizokuja kutoka Japani baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ndani ya sanduku zuri la mbao, watu huzirithi wakidhani wamepata hazina. Sanduku mara nyingi ndilo lenye thamani zaidi. Naumia kila ninapolazimika kumwambia mtu hivyo.

Urefu nao una bei yake. Ufito wa futi 7 au 7 na nusu hugombaniwa kuliko wa futi 9 wa fundi yuleyule, kwa kuwa ni mwepesi na mafundi walitengeneza chache.

Kwenye hali ya ufito, usiharakishe. Tazama kipande kwa urefu kama unavyotazama ubao, uone kama kimepinda. Kipinde kidogo usikilize: ukisikia mlio wa tik, ama kiungo cha chuma kimelegea ama gundi imeachia. Viungo vikivutwa kwa unyoofu vitoe sauti ya kizibo kinachong'oka. Vikikwama, usizungushe kamwe. Mwanzi hupasuka kabla ya chuma kuachia. Wala usisugue vanishi ya zamani kwa msasa, hata ikiwa imechakaa. Anayekusanya anataka vanishi na nyuzi za hariri zilezile za fundi.

Ukitafuta bei, angalia minada iliyokwisha, fedha iliyolipwa kweli, siyo ile muuzaji anayoiota.

Ule ufito wangu bado ninao. Ile ncha fupi iko kwenye mfuko wake wa kitambaa pamoja na karatasi niliyoandika: imepungua inchi 4. Nikiuuza, karatasi hiyo itaenda nao.