Mpe msaidizi nyaraka za toleo ulilonalo

Ukianza kuandika msimbo ukisaidiwa na akili mnemba, hutakawia kukutana na hili. Unamwomba msaidizi aongeze rekodi kwenye jedwali la pandas, maktaba ya Python ya kuchakata data, naye anaandika bila wasiwasi wowote `df = df.append(rekodi, ignore_index=True)`. Unaendesha programu, inagoma: DataFrame haina kitu kinachoitwa append. Jina hilo hakulitunga. Lilikuwepo kwa miaka, likatangazwa kuwa linaachwa katika toleo la 1.4 mwaka 2022, likaondolewa katika 2.0 mwaka 2023, na sasa kazi hiyo inafanywa na `pd.concat`. Ila mifano aliyofunzwa nayo imejaa ile njia ya zamani.

Wengi wakifika hapo humwandikia "haifanyi kazi, jaribu tena". Anabahatisha jina jingine, linagoma, mnaanza kuzungushana. Acha. Hajui umesakinisha toleo gani la maktaba, na usipomwambia atachagua lile alilolizoea.

Kwa hiyo anza na namba ya toleo, na uitoe mahali sahihi. Kwenye `package.json`, faili linaloorodhesha maktaba za mradi wa JavaScript, utakuta kitu kama `^4.2.0`, maana yake toleo lolote kuanzia hilo ilimradi halijafika 5. Hiyo ni ruhusa tu, haisemi kilichomo kwenye mashine yako. Kilichosakinishwa hasa kiulize kwa `npm ls` au `pip show`, au kisome kwenye faili la kufuli (lock file), linalorekodi matoleo kamili, kama `package-lock.json` na `poetry.lock`.

Baada ya namba, nyaraka. Hapa wageni hukimbilia kufunga zana mpya kabla hawajatazama diski yao wenyewe. Maktaba nyingi za JavaScript huja na mafaili ya `.d.ts` ndani ya `node_modules`, yakionyesha kila fanksheni inapokea nini na inarudisha nini. Kwenye Python, `python -m pydoc pandas.concat` inakutolea maelezo yaliyoandikwa ndani ya msimbo wenyewe. Lugha ya Go ina `go doc`. Uzuri wa maelezo haya ni kwamba yanalingana na toleo ulilonalo, na huhitaji intaneti kuyapata. Msaidizi mwenye ruhusa ya kutumia terminali anaweza kuyasoma mwenyewe, mradi umemwagiza asome kwanza ndipo aandike.

Kuna mtego mmoja lakini. `node_modules` kwa kawaida imo kwenye `.gitignore`, orodha ya vitu ambavyo Git haivifuatilii, na zana za kutafuta kama ripgrep huruka kila kilichotajwa humo. Msaidizi atatafuta, atakosa, kisha atarudi kubahatisha. Mtajie njia kamili ya folda. Mimi maagizo ya namna hiyo nayaweka kwenye `AGENTS.md`, faili la maagizo kwa wasaidizi wa msimbo, mistari michache tu. Faili hilo likirefuka sana, yale ya maana yanamezwa.

Kisichopatikana kwa urahisi kwenye diski ni mwongozo wa kuhama toleo. Toleo la 2 la Pydantic, maktaba ya Python ya kuhakiki data, kwa mfano, lilihamishia darasa la mipangilio, `BaseSettings`, kwenye kifurushi cha pekee, pydantic-settings. Mabadiliko ya aina hiyo mpe ukurasa husika, huo tu. Ukimmwagia kitabu kizima unajaza nafasi ya mazungumzo na kumpoteza. Baadhi ya tovuti zina faili la `llms.txt`, pendekezo la Jeremy Howard la mwaka 2024, linaloorodhesha kurasa muhimu kwa ajili ya modeli za lugha, yaani akili mnemba iliyo nyuma ya msaidizi. Zipo pia seva za MCP, itifaki ya kuwaunganisha wasaidizi na zana, iliyotolewa na kampuni ya Anthropic mwaka huohuo, zinazomletea msaidizi nyaraka akiziomba. Zinafaa, lakini chunguza zinaleta toleo gani. Nyaraka za toleo jipya kuliko lako zitakupotosha sawasawa na za zamani.

Na kila kinachotoka mtandaoni kinaweza kubeba maagizo yaliyofichwa yakimlenga msaidizi, kwa hiyo usimwachie asome kurasa ovyo huku ana ruhusa ya kuendesha amri bila kukuuliza. Akikutajia kifurushi usichokifahamu, fungua ukurasa wake kwenye npm au PyPI, ghala za vifurushi vya JavaScript na Python, kabla ya kusakinisha: kina umri gani, nani anakitunza, msimbo wake uko wapi. Modeli hubuni majina ya vifurushi, na wahalifu wanaweza kuyawahi majina hayo, wakayasajili na kutia humo programu hasidi.