Ndege ya kivita ya simyuleta ipime ikienda polepole

Ndege ya kwanza ya kivita niliyoikagua kwenye simyuleta, yaani programu ya kompyuta ya kurusha ndege, niliisifu kwa sababu ya kutu. Naam, kutu: mtengenezaji alikuwa amechora hadi michubuko ya rangi mahali rubani anapokanyaga akipanda, nami nikammwagia sifa kurasa mbili nzima. Wiki iliyofuata niliipakia mabomu, ikapaa vilevile kama ilivyopaa ikiwa tupu. Nilikuwa sijawahi kuipima na mzigo. Tangu siku hiyo rangi naitazama mwisho.

Wewe unayeanza, usikimbilie kasi ya juu. Kuifikisha ndege Mach 2, yaani mara mbili ya kasi ya sauti, kwenye kompyuta si kazi kubwa. Ndege hujifichua ikienda polepole, hasa inapotua. Chukua F-104, ndege ya kivita ya zamani ya Marekani. Ikiteremka kutua, flapsi zake, yaani vibao vya nyuma ya mabawa vinavyoshushwa wakati wa kutua, hupulizwa hewa kutoka kwenye injini, hivyo rubani hathubutu kukata nguvu kabla magurudumu hayajagusa ardhi: akikata, ile hewa hupungua, mabawa hayabebi tena, ndege inadondoka. Fanya kosa hilo makusudi. Ikiendelea kuelea kwa upole, ujue umeuziwa ndege nyingine iliyovishwa umbo la F-104.

F-16 inataka jaribio tofauti, maana kompyuta husimama kati ya mkono wa rubani na mkia. Kunja magurudumu, ruka sawasawa, ongeza nguvu kisha achia jostiki. Ndege ya kawaida huinua pua kasi inapopanda. F-16 haifanyi hivyo. Ukiona pua inapanda yenyewe, mtengenezaji hakuigusa kompyuta ile. Kisha tua. Magurudumu ya nyuma yakishagusa, rubani huiacha pua juu kiasi cha nyuzi 13 ili hewa iipunguze kasi. Akifikia 15 anasugua sehemu ya nyuma kwenye lami. Mimi hujaribu yote mawili, na hilo la kusugua ndilo linalonifurahisha zaidi.

Mafuta usiyasahau. Matangi ya ndani ya F-16 hubeba takriban kilo 3,200. Washa afutabana, yaani kichomeo cha ziada cha nyuma ya injini, bila kuizima, ukiwa chini karibu na usawa wa bahari, tazama saa: yanapaswa kuisha kabla ya dakika 10.

Vipimo vyote vifanye bila upepo, joto likiwa nyuzi 15 usawa wa bahari, na uandike uzito wa ndege kila mara. La sivyo namba zako hazilingani na za mtu yeyote. Vitabu vya marubani vya ndege za zamani kama F-4 na F-104 viko hadharani, na majedwali yake ndiyo mahakama yako. Namba ikipishana kidogo, siigombanii. Kwa ndege za sasa mengi bado ni siri, kwa hiyo habari za rada eleza ulichokiona tu, usitoe hukumu.

Fremu kwa sekunde, yaani idadi ya picha ambazo kompyuta huchora kila sekunde, zipime mahali pamoja, hali ya hewa ileile, ukilinganisha na ndege iliyokuja na simyuleta yenyewe. Inatosha.

Na ukikuta kasoro, jaribu kwanza na ndege nyingine. Niliwahi kumlaumu mtengenezaji kwamba ndege yake inavuta kushoto, tukaandikiana siku tatu, kumbe jostiki yangu ndiyo iliyochakaa.