Kuuguza ni kazi moja, kutunza ni nyingine

Wiki hii mmeuliza: mzazi mzee akiwa hajiwezi, atunzwe na watoto wake au atafutiwe mtu wa kulipwa? Nawajibu kutoka Newala, mkoani Mtwara, ambako mwaka huu ni wa tatu namtunza mama yangu.

Mimi ningeanza na swali jingine: ni kwa muda gani? Mama alianguka akiokota korosho, akavunjika nyonga. Alipotoka kufanyiwa upasuaji tulijazana nyumbani. Dada alikuja kutoka Masasi, kaka kutoka Dar es Salaam, mama mdogo akahamia na mkeka wake. Kila asubuhi tulimshika kiuno, mkongojo mkononi, hatua tano hadi mlangoni, kesho yake sita. Baada ya miezi mitatu alikwenda chooni mwenyewe. Huko ndiko kuuguza. Kunachosha, ila mwisho unauona, na ndugu wa huku tunakuweza.

Kisha akapata kiharusi, upande wote wa kulia ukapooza. Ndugu wakaja kwa moyo uleule, na baada ya wiki chache wakaondoka mmoja mmoja kama mara ya kwanza. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Tulijipanga kuuguza, kumbe mama alihitaji kutunzwa.

Nikabaki peke yangu. Oktoba ikaingia, korosho zikaanza kudondoka, na ndizo zinazosomesha wanangu. Nikawa namgeuza alfajiri, nakwenda shamba, narudi saa saba mchana. Siku moja namwogesha, nikaona kisigino kimeiva rangi kuliko mguu wote. Nilipokibonyeza kilikuwa cha moto, kinabonyea kama embe lililopondeka. Chini ya kiuno, pale mfupa unapokutana na godoro, ngozi ilikuwa imeshachubuka. Nililia sana siku ile. Hospitali aliyolazwa walituruhusu na dawa tu. Habari za vidonda hivi vya kulalia upande mmoja muda mrefu sikuzisikia hadi muuguzi mmoja wa jirani aliponielekeza: ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, mto uwekwe chini ya shavu la mguu ili kisigino kining'inie, palipoiva pasisuguliwe, na akilishwa aketishwe wima, kijiko kidogo kidogo, asipaliwe.

Kila saa mbili ni mara kumi na mbili kwa siku. Hapo sijataja mashuka, na huku juu uwandani maji mara nyingi tunanunua kwa ndoo. Mtu mmoja hawezi, hata ampende mama yake namna gani.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inaitaja familia kuwa msingi wa matunzo ya wazee. Sibishi. Lakini kwenye nyumba nyingi ninazozijua, hiyo familia ni binti mmoja aliyerudi kwao.

Fedha za mnada wa korosho zilipoingia niliita kikao. Nikawaambia ndugu zangu kwamba kabla ya mtu kununua bati, tutenge kwanza za mama. Sasa tunamlipa mwanamke jirani mshahara wa kila mwezi, anakuja asubuhi hadi alasiri. Usiku ni wangu. Msimu wa korosho kaka anachukua likizo na kuja. Kumwogesha mama yake ni aibu kwake, namwelewa, kwa hiyo yeye anamgeuza, anamlisha na kuleta maji.

Wapo waliosema tumemtupa mzazi kwa kumwekea mtu wa mshahara. Inaniuma, kwa sababu waliosema hayo hawajawahi kuamka saa nane za usiku kumgeuza.

Kidonda cha kiunoni kilifunga mwezi wa Machi. Mama hatamki maneno vizuri, ila yule jirani akichelewa, anagonga ubao wa kitanda kwa mkono wa kushoto na kutazama mlangoni.