Je, Kisinhala ni Kitamili kwa jina jingine?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nafanya kazi Doha, na mwenzangu wa zamu ni Msinhala kutoka Sri Lanka. Nataka kujifunza lugha yake. Je, ni Kitamili kwa jina jingine? Nianzie wapi?

Jibu: Marahaba. Hapana, ni lugha za koo mbili tofauti. Kitamili ni cha ukoo wa Kidravidi wa kusini mwa India. Kisinhala kina asili moja na Kihindi na Kibengali, na nduguye wa karibu kabisa ni Kidivehi cha Maldivi. Waliokileta kisiwani walitoka India kaskazini zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Mwenzako usimchanganyie lugha hizi: sheria ya 1956 ilikifanya Kisinhala kuwa lugha rasmi pekee, Kitamili nacho kikawa lugha rasmi 1987, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimeshaanza.

Anza na mazungumzo, vitabu vije baadaye. Kisinhala cha kusema na cha kuandika vimeachana sana, na wanafunzi wengi hukwama hapo. Katika mazungumzo kitenzi hakibadiliki kufuata mtendaji: *mama yanawa* ni "mimi nakwenda", *api yanawa* ni "sisi tunakwenda". (Ndiyo, *mama* ni "mimi".) Kwenye maandishi rasmi utakuta *mama yami*, *api yamu*. Kwa hiyo kabla ya kununua kitabu, angalia kinafundisha kipi. Kitenzi hukaa mwisho: *mama bat kanawa*, yaani mimi wali nakula.

Kwenye matamshi una bahati. Kisinhala kina mb, nd na ng zinazotamkwa kama sauti moja, jambo adimu katika lugha za India, lakini ulimi wako umezizoea. *Kanda* ukiitamka ka-nda, kama yetu, ni shina la mti. Ukiifunga n kwanza, kan-da, ni kilima. Mwombe mwenzako akutamkie zote mbili mpaka usikie tofauti.

Herufi zisikutishe. Kila konsonanti huja na a yake, na irabu nyingine huongezwa kwa alama. Umbo lake la duara huelezwa kwamba lilitokana na kuandika juu ya majani ya miti ya jamii ya minazi, maana mistari iliyonyooka ingeyapasua.

*Ayubowan* ni salamu ya heshima. Kwa mnayeshinda naye kazini, *kohomada* inatosha.