Nyie mnaoloweka nyama kwenye maji ya chumvi kabla ya kuipitisha kwenye moshi, njooni hapa kidogo

Juzi dogo mmoja ninayemfundisha kanitumia picha ya ndoo, ndani kuku wawili wanaelea kwenye maji ya chumvi, ndoo yenyewe iko sakafuni pembeni ya jiko, na chini kaandika "bro nimewaacha usiku kucha wakolee". Wakolee! Nikamuuliza chumvi umeweka kiasi gani, akajibu vikombe viwili. Maji je? Mpaka wakafunikwa. Nikakaa na simu mkononi sijui nianzie wapi, maana vyote alivyofanya mi nishavifanya, na aliyemtangulia alifanya hivohivo, na wa kabla yake pia. Sasa naandika mara moja, someni wote.

1. Kikombe sio kipimo cha chumvi. Chumvi laini ya mezani na ile ya chenga kubwa, kikombe kilekile, ya mezani inaweza kuwa nzito karibu mara mbili, alafu mnashangaa mbona wiki iliyopita ilitoka poa na leo hailiki. Tafuta mizani ya gramu. Mi napima jumla, nyama na maji pamoja, naweka chumvi asilimia 2 ya hiyo jumla. Kuku wa kilo 2 kwenye maji lita 2 ni gramu 4,000, chumvi gramu 80, kwisha habari. Raha yake ni kwamba hata ukipitiwa ukamwacha siku nzima zaidi hazidi kuwa na chumvi, kwa sababu nyama na maji vikishalingana hakuna kinachosogea tena. Wale wa maji makali ya asilimia 5 au 6 sina ugomvi nanyi, ila hapo lazima uchunge saa, vipande masaa mawili matatu, kuku mzima nane mpaka kumi na mbili, na ukipitiliza usiku unatoa chumvi yenye mabawa.

Na someni lebo jamani. Kuna nyama inauzwa ikiwa imeshachomwa sindano ya maji ya chumvi, we ukaiongezea yako tena, hata mchuzi wake hutaweza kuutumia.

2. Pinki. Hapa sitaki mzaha kabisa. Chumvi ya pinki namba 1, ile ya kuhifadhia nyama, ina nitriti (kemikali inayozuia bakteria) asilimia 6.25, iliyobaki ni chumvi ya kawaida, na imetiwa rangi makusudi ili mtu asije akainyunyiza kwenye mayai. Inawekwa asilimia 0.25 ya ile jumla, yani gramu 10 kwenye hesabu yetu ya gramu 4,000, na zile gramu 10 unazitoa kwenye zile 80, inabaki 70 ya kawaida. Hakuna "kijiko cha kukadiria" hapa, nitriti ikizidi ni sumu. Namba 2 ina naitreti juu yake, inayogeuka kuwa nitriti taratibu, ni ya vitu vinavyokaushwa miezi, muiache huko. Na ile chumvi ya Himalaya yenye rangi ya waridi SIO HIYO, haina nitriti ya kukulinda, nimeshaona mtu kaloweka tumbo la nguruwe nayo siku saba anasubiri iwe bekoni, na alikuwa anajiandaa kuipitisha kwenye moshi baridi masaa kumi. Moshi wa joto dogo, hewa kidogo, nyama yenye unyevu, hapo ndo sehemu ambayo bakteria wa botulizimu wanaipenda, na sumu yao haina harufu ya kukushtua. Kuku wa moshi wa moto anayeiva mpaka nyuzi 74 ndani siku hiyohiyo hahitaji pinki, chumvi ya kawaida inamtosha.

3. Maji yapoe kabisa kabla nyama haijaingia.

Hii ndo iliyonifanya niandike yote haya, kwa hiyo nivumilieni. Baba yangu alikuwa anatimiza miaka 70 na mi nikawaambia ndugu wote msihangaike na nyama, nyama ni mimi. Nikachukua paja la nguruwe zima na mfupa wake, kilo 7. Hesabu niliipiga vizuri, chumvi sawa, pinki sawa, sukari, majani ya bay (bay leaf), pilipili manga, nikachemsha maji yote ili viungo viachie. Sasa ilikuwa usiku, kesho kazini asubuhi, nikatia mkono kwenye maji yakawa vuguvugu kama ya kumwogeshea mtoto, nikasema si friji itamalizia? Nikatumbukiza paja, nikabananisha ndoo kwenye friji iliyokuwa imejaa tayari, nikalala.

Siku nne baadae nikatoa, nikakausha, nikaweka kwenye moshi usiku mzima, naamka kila saa naangalia moto, na asubuhi lile paja lilikuwa zuri jamani, rangi kama mbao iliyopakwa vanishi, mpaka majirani waliuliza. Baba ndo akakata mwenyewe, alitaka akate mwenyewe. Vipande vya juu vikatoka safi, vya pinki, watu wakaanza kusifia. Kisu kikafika kwenye mfupa na harufu ikatoka. Nashindwa kuieleza, ni kama chungu cha maharage kilichosahaulika siku tatu, na nyama ya pale ilikuwa ya kijivu, laini, inateleza. Baba hakusema neno. Aliweka kisu chini akaanza kuzunguka anachukua sahani za wajukuu moja moja, taratibu, anazirudisha mezani. Tulikula wali na kachumbari. Miaka imepita na bado naona ule mkono wake ukichukua sahani ya mdogo kuliko wote, ambaye alikuwa hajaanza hata kula na akaanza kulia.

Makosa yalikuwa mawili na yote yalikutana kwenye mfupa. Ndoo ya kilo 14 yenye uvuguvugu haipoi kwa saa moja ndani ya friji iliyojaa, nyama ya katikati ilikaa kwenye nyuzi za hatari, kati ya 4 na 60, masaa mengi mno. Alafu chumvi inatembea taratibu sana ndani ya nyama nene, kwa siku nne ilikuwa bado njiani wakati bakteria wameshafika kwenye kiungo. Yani nje nilikuwa na hemu (paja lililokolea chumvi na moshi), ndani nilikuwa na nyama mbichi iliyooza.

Siku hizi nusu ya maji nachemsha na viungo, nusu nyingine naweka barafu niliyoipima kwenye mizani ileile, natia kipimajoto, na isiposhuka chini ya 4 nyama inasubiri. Kitu chenye mfupa mnene nachoma sindano kwanza, maji yaleyale ya chumvi ya ndoo, asilimia 10 ya uzito wa nyama, paja la kilo 7 gramu 700, unafuata mfupa wote na hasa pale kwenye kiungo, na maji unayachota KABLA nyama haijaingia ndoo. Alafu siku nne kwa paja zima la ukubwa ule msahau, mi sasa hivi natoa siku kumi.

4. Ndoo iwe plastiki ya chakula, stili au kioo, alumini hapana. Nyama ikielea igandamize na sahani. Maji yakishatumika yamwagwe, hata yakiwa yananukia vizuri.

5. Ukitoa, futa, weka juu ya wavu ndani ya friji bila kufunika usiku mzima mpaka uso uwe unanata kidoleni. Kuku aliyeingia akiwa amelowa ngozi yake inakuwa raba na moshi unamchora michirizi.

6. Bekoni kata kipande kidogo ukaange kabla ya moshi, ikizidi chumvi loweka kwenye maji baridi saa moja, ujaribu tena.

Dogo wa ndoo, najua unasoma. Hao kuku wa sakafuni wamelala usiku kucha nje ya friji kwenye zile nyuzi za hatari, usiwaoshe wala usiwape mbwa, watupe. Ukipata wengine nipigie kabla hujawasha jiko, ntakuja na mizani yangu.