Oili ya pikipiki ya mbio: 10W-40 au 15W-50?
Kaka, kama hiyo pikipiki yako ya cc 600 kweli unaipeleka saketi na kuifungulia mpaka mwisho, tia 10W-50 au 15W-50, ile 10W-40 yafaa zaidi barabarani. Namba ya pili ndiyo ya kuangalia, ndiyo uzito wa oili, yaani inavyotiririka kwa ugumu, ikishapata moto, wanaipima kwa digrii 100, na kwenye mbio oili inaweza kupita hapo kabisa ikawa nyepesi, presha inashuka na beringi zinaanza kusagana. Ile ya kwanza yenye W ni ya kuwasha injini ikiwa baridi, sasa Malindi hii baridi iko wapi jamani, hata alfajiri watu watoka jasho. Ila angalia manuali kwanza, ikiwa 50 haimo usilazimishe, oili nzito kupita kiasi nayo yala nguvu ya injini. Na mkebe uwe umeandikwa JASO MA au MA2, hiyo ni alama ya oili ya pikipiki ambazo klachi yake inaogelea ndani ya oili ya injini, usije ukatia ile ya gari ya kupunguza msuguano, klachi itateleza, mimi nishafungua moja hapa gereji sahani zote zimeungua nyeusi tii.